Kumyeyusha mtu kama kwenye Star Trek ya 1966: mwongozo kamili wa kuutengeneza mng'ao ule nyumbani

Mtu anasimama wima juu ya duara sakafuni, mng'ao unamfunika, mwili unafifia, kisha chembe zinabaki zenyewe hewani kwa kitambo zikiwa na umbo lake, nazo zinazimika. Watazamaji wa Star Trek ya kwanza, mfululizo wa televisheni wa safari za anga uliorushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi 3 Juni 1969, waliliona tukio hilo la mtu kusafirishwa na mashine kutoka melini hadi sayarini mara nyingi sana katika vipindi vyake 79. Hapakuwa na kompyuta iliyochora chochote. Palikuwa na kamera iliyofungwa isitikisike, unga wa aluminiamu uliomwagwa mbele ya pazia jeusi, na mafundi wa maabara walioiweka picha moja juu ya nyingine. Yote hayo yanafanyika leo kwa simu ya kawaida, na ukifuata mpangilio wao hasa, utapata kitu kizuri kuliko vimulimuli vya kubandika vinavyokuja tayari ndani ya programu za kuhariri video.

Mashine yenyewe ya kusafirisha watu ilizaliwa na ukata. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo huo, alitaka meli ya anga Enterprise ionekane ikitua kwenye sayari, lakini kuitua meli kila wiki kungemaliza bajeti ya studio ya Desilu. Hata chombo kidogo cha abiria, Galileo, hakikuwapo mwanzoni. Kilionekana mara ya kwanza Januari 1967, baada ya kampuni ya AMT kugharimia ujenzi wake ili nayo ipewe haki ya kuuza vifurushi vya modeli za plastiki. Mpaka wakati huo, njia rahisi ya kumfikisha Kapteni Kirk sayarini ilikuwa kumfifisha hapa na kumdhihirisha kule.

Walivyofanya mafundi wenyewe

Kazi hii ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Howard Anderson. Kwanza waigizaji walipigwa wakiwa wameganda kwenye jukwaa. Kisha waliondoka, na jukwaa tupu likapigwa bila mtu kuigusa kamera. Pembeni kabisa, siku nyingine na mahali pengine, unga wa aluminiamu ulimwagwa kati ya kamera na pazia jeusi huku taa kali ikiumulika kutoka nyuma. Kamera hiyo ilipinduliwa kichwa chini na kuendeshwa kwa kasi kubwa. Filamu yake ilipoonyeshwa kwa kasi ya kawaida, chembe zilielea polepole, tena zikipanda badala ya kushuka.

Maabara ndiyo iliyomaliza kazi. Umbo la mwili wa mwigizaji lilitolewa peke yake, chembe zikaruhusiwa kuonekana ndani ya umbo hilo tu, halafu picha ya mtu ikafifishwa kuelekea picha ya jukwaa tupu. Ndiyo maana kila anayesafirishwa kwenye mfululizo ule huganda ghafla kabla ya kuyeyuka: mwili ukisogea, umbo lililokatwa halilingani tena na mtu.

Ukitaka kujifunza kwa kutazama, tafuta toleo lenye picha za asili. Mwaka 2006 kampuni ya CBS ilianza kutoa toleo lililosafishwa ambalo picha nyingi za meli na anga zilitengenezwa upya kwa kompyuta. Diski za Blu-ray zinakuruhusu kuchagua kati ya matoleo hayo mawili. Chagua la zamani, simamisha picha kwenye tukio la kuyeyuka, upeleke mbele fremu moja moja. Utaona wazi kwamba mwili unaondoka kwanza na chembe zinafuata.

Vifaa

Unahitaji simu yenye uwezo wa kurekodi fremu 120 kwa sekunde (simu nyingi huita mwendo wa polepole), stendi ya miguu mitatu yenye kishikio cha simu, na programu ya kuhariri yenye matabaka. CapCut na KineMaster zinatosha kwenye simu. Kwenye kompyuta, toleo la bure la DaVinci Resolve linafanya kazi hii vizuri zaidi.

Kwa upande wa chembe: mahameli nyeusi ya mita 2 kwa 1.5, tochi yenye mwanga mkali, chujio la chai lenye matundu madogo, kipande cha katoni, karatasi pana ya plastiki ya kutandika chini, na gramu 20 za glita laini ya rangi ya fedha au dhahabu. Usidanganyike na kitambaa cha baibui kwa sababu tu ni cheusi. Vingi vina ung'avu ambao jicho halioni, lakini taa ikipiga vinageuka kijivu. Mahameli ina manyoya yanayomeza mwanga.

Unga wa aluminiamu wenyewe usiutafute. Ukitawanyika hewani karibu na cheche unaweza kulipuka, na kuuvuta kifuani ni hatari. Glita nayo uitumie ukiwa umevaa barakoa, na watoto wakae mbali isije ikawaingia machoni.

Kama hutaki glita, tumia chumvi laini ya mezani. Haiwaki rangi, inatoa chembe nyeupe tu, na inaanguka kwa kasi zaidi, lakini inafagilika na haiachi plastiki nyumbani. Pwani, ambako hewa ina unyevu, chumvi hugandamana na kudondoka mabonge mabonge. Ikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, kwa dakika 5 huku ukikoroga, iache ipoe, ndipo uichekeche.

Chumvi ina historia yake ndani ya mfululizo huu. Kipindi cha kwanza kurushwa, "The Man Trap", kinahusu kiumbe kinachonyonya chumvi miilini mwa watu. Kwa ajili yake zilinunuliwa chupa za kunyunyizia chumvi zenye maumbo ya ajabu, ikaonekana kwamba mtazamaji hatazitambua, basi zikageuzwa kuwa vifaa vya kitabibu vya Daktari McCoy na zikaendelea kutumika hivyo. Ni katika kipindi hichohicho ambapo kiumbe kinajigeuza kuwa mwanamume Mwafrika na kumsemesha Luteni Uhura kwa Kiswahili. Mwigizaji wa Uhura, Nichelle Nichols, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya iliyoitwa Uhuru, na jina la mhusika likachongwa kutoka hapo.

Hatua ya kwanza: mtu na mahali patupu

Weka simu kwenye stendi, kisha ning'iniza kitu kizito katikati ya miguu yake: mfuko wa mchanga wa kilo 2 unatosha. Washa hali ya ndegeni, kwa sababu simu ikiingia itatetemesha kamera na kuharibu kila kitu. Zima kitulizaji cha mtikisiko. Wengi wanakisahau, na matokeo yake ni picha inayosogea kidogo hata stendi ikiwa imara, kwa kuwa programu ya simu inatafuta mtikisiko wa kuurekebisha.

Weka fremu 30 kwa sekunde. Bonyeza na kushikilia kwenye uso wa mtu mpaka simu ionyeshe kwamba fokasi na kiwango cha mwanga vimefungwa. Kama programu ya kamera ina hali ya kitaalamu, funga pia mizani ya rangi (white balance). Usipofunga, mtu akitoka simu itaona ukuta mtupu, itaongeza au kupunguza mwanga, na picha mbili hazitafanana. Kwenye video iliyomalizika chumba kizima kitabadilika rangi wakati mtu anayeyuka.

Rekodi yote iwe moja, bila kukata:

1. Anza kurekodi, subiri sekunde 5 mtikisiko wa kidole uishe.
2. Mwigizaji aingie, asimame kwenye alama ya utepe sakafuni, miguu pamoja, mikono ikining'inia karibu na mwili.
3. Aseme maneno yake, kisha agande kwa sekunde 6. Avute pumzi kabla ya kuganda na aizuie, maana kifua kinachopanda kinaonekana. Nguo pana zinazopepea zinaleta shida hiyohiyo, zima feni.
4. Atoke nje ya fremu taratibu bila kugusa kitu.
5. Endelea kurekodi mahali patupu kwa sekunde 10, ndipo uzime.

Usisimamishe kamera kati ya hatua ya 3 na ya 4 kwa nia ya kuokoa nafasi kwenye simu. Kile kidole kinachogusa kitufe ndicho kinachosogeza picha, hata kama ni kwa unene wa unywele. Ukifanyia kazi karibu na dirisha, chagua saa ambayo anga ni safi. Wingu likipita katikati ya hatua ya 4, rudia.

Kwa mwonekano wa chumba chenyewe, fuata alichofanya mpigapicha mkuu Jerry Finnerman. Kuta nyingi za seti zilikuwa za kijivu, naye akazipaka rangi kwa taa zenye karatasi za rangi: ukuta mmoja ukawa zambarau leo na kijani wiki ijayo bila gharama ya rangi wala fundi. Msimamishe mtu mita 2 mbele ya ukuta mweupe au wa kijivu. Mmulike yeye kwa taa nyeupe ya pembeni, na ukuta umulikwe kutoka chini kwa taa ya pili iliyofunikwa karatasi ya selofani ya kufungia zawadi, mikunjo miwili. Akikaa karibu na ukuta, taa yake nyeupe itaiosha rangi yote. Selofani weka kwenye taa ya LED tu. Balbu ya halojeni itaiyeyusha.

Mizani ya rangi ya simu ikiachwa ijiendeshe itaiona zambarau hiyo kuwa kosa, iisahihishe. Jambo hilo liliwapata watengenezaji wenyewe mwaka 1964. Inavyosimuliwa, walimpaka mwigizaji rangi ya kijani kwa majaribio ya kipindi cha kwanza kabisa kutengenezwa, filamu ikarudi kutoka maabara ngozi ikiwa ya kawaida, wakampaka kijani zaidi, ikarudi vilevile. Mafundi wa maabara walidhani rangi imeharibika na walikuwa wakiirekebisha kwa bidii. Hata shati la Kirk linalojulikana kuwa la dhahabu lilikuwa na ukijani lilipotazamwa kwa macho. Filamu na taa ndizo zilizoligeuza. Kwa hiyo hukumu ya rangi itolewe kwenye kioo cha simu, si kwa kutazama chumba.

Hatua ya pili: chembe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Subiri usiku au funga mapazia. Ning'iniza mahameli, tandika plastiki sakafuni, na uweke nafasi hizi: simu, kisha mita 1 mbele yake mstari ambapo chembe zitaanguka, kisha mita 1.5 nyingine mpaka kwenye mahameli. Nafasi hiyo ya nyuma inazuia mwanga kufika kwenye kitambaa.

Taa ikae nyuma ya mstari wa chembe, pembeni, umbali wa sentimita 80, ikielekea upande wa kamera kwa mshazari. Isiingie kwenye fremu. Simamisha katoni kati ya taa na lenzi ili mwanga usiipige lenzi moja kwa moja, vinginevyo utapata ukungu mweupe picha nzima. Mwanga ukitoka mbele, upande wa simu, chembe zitaonekana kuwa vumbi la kijivu. Ukitoka nyuma, kila chembe inawaka na kuzimika kadiri inavyojigeuza, na kule kuwaka na kuzimika ndiko kunakoleta uhai.

Aina ya taa ina uzito. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa inayotumia umeme huo inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini simu inayorekodi fremu 120 inaona. Tofauti ya 20 kwa sekunde, ikipunguzwa kasi mara 4, inakuwa mapigo 5 kwa sekunde ya picha kung'aa na kufifia. Balbu za LED za bei nafuu ndizo mbaya zaidi. Tumia tochi ya betri ikiwa kwenye nguvu yake ya juu kabisa, kwani tochi nyingi zikipunguzwa nguvu nazo huanza kupepesa. Njia nyingine ni mwale wa jua unaoingia kwenye upenyo wa pazia: haupepesi kabisa, na una nguvu kuliko tochi yoyote.

Funga uzi wenye kalamu uning'inie pale chembe zitakapoanguka. Funga fokasi kwenye kalamu, kisha uiondoe. Shusha kiwango cha mwanga mpaka mahameli iwe nyeusi tii. Bora chembe zipungue ung'avu kidogo kuliko mandharinyuma kubaki na ukijivu.

Weka vijiko 2 vya chai vya glita kwenye chujio, lishike sentimita 15 juu ya ukingo wa fremu, anza kurekodi, kisha ligonge kwa kidole taratibu huku ukilisogeza kushoto na kulia. Usilitikise, maana litamwaga fungu zima mara moja. Kumimina kwa sekunde 4 kunakupa sekunde 16 za kutumia. Unachotafuta ni chembe zenye nafasi kati yake. Zikibanana zinakuwa pazia, mtu hatasomeka ndani yake. Piga mara tatu kwa ujazo tofauti, uchague baadaye.

Hatua ya tatu: kuunganisha

Anza na umbo. Toa fremu moja ya mtu akiwa ameganda, ihifadhi kama picha. Kwenye programu ya picha ondoa mandharinyuma, yajaze nyeusi, kisha pandisha mwangaza wa mtu mpaka awe mweupe wote. Lainisha ukingo kidogo, pikseli 5 hadi 10. Ukingo mkali unamfanya aonekane amekatwa kwa mkasi.

Fungua mradi mpya. Tabaka la chini liwe video ya chembe, iliyopunguzwa kasi mara 4 na kuzungushwa digrii 180 ili zipande. Juu yake weka picha ya umbo, na kwenye hali za mchanganyiko chagua Multiply. Penye weusi chembe zinapotea, penye weupe zinabaki. Hifadhi matokeo kama video. Sasa unayo chembe zenye umbo la mtu kwenye weusi.

Mradi wa pili ndio wa mwisho. Chini kabisa weka sehemu ya mahali patupu, juu yake sehemu ya mtu, juu kabisa video ya chembe kwa hali ya Screen, ambayo inaufanya weusi usionekane. Kisha panga muda hivi, ukihesabu tangu mtu anapoganda:

- Sekunde 0.5 hadi 1.5: uonekanaji (opacity) wa chembe unapanda kutoka 0 hadi 100.
- Sekunde 1.5 hadi 2: hakuna kinachobadilika.
- Sekunde 2 hadi 3.5: mtu anashuka kutoka 100 hadi 0.
- Sekunde 3.5 hadi 4: chembe peke yake.
- Sekunde 4 hadi 5: chembe zinashuka hadi 0.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumfifisha mtu na chembe kwa wakati mmoja. Hapo anaonekana mzimu anayepotea. Ile nusu sekunde ya chembe bila mwili ndiyo inayoliambia jicho kwamba mwili wenyewe umegeuka chembe. Kwa kumdhihirisha mtu, geuza mpangilio wote kinyume, lakini chembe zenyewe ziache zikipanda vilevile.

Kivuli cha mtu sakafuni hakihitaji kazi ya ziada, kwa sababu kimo kwenye picha yake na kitafifia naye. Kama unaona mstatili wa ukungu juu ya picha, mahameli haikuwa nyeusi ya kutosha: shusha weusi wa video ya chembe kwenye marekebisho ya rangi kabla ya kuweka Screen. Kama ukuta unaruka kidogo mtu anapofifia, stendi ilisogea. Panga tabaka la mtu upya kwa pikseli moja au mbili huku ukitazama kona ya mlango au soketi, ukuze picha asilimia 2 kuficha kingo. Ikiwa chembe zinatoka nje ya mabega, mwigizaji alisogea baada ya fremu uliyoitolea umbo. Toa nyingine, ya katikati ya zile sekunde 6.

Njia ya maji

Mfululizo wa baadaye, Star Trek: The Next Generation, ulioanza 1987, ulitengeneza mng'ao wake kwa glita iliyokorogwa ndani ya maji na kumulikwa kwa taa kali. Kwa nyumba ndogo njia hii ni nafuu, kwani hakuna kitu kinachoruka hewani. Chukua chombo cha kioo chenye pande bapa. Mtungi wa duara unapindisha mwanga na kukuonyesha wewe na simu yako. Jaza lita 3 za maji yaliyochemshwa na kupoa, yasiwe na viputo, tia nusu kijiko cha chai cha glita na tone moja la sabuni ya maji ili isielee juu. Koroga kwa mwiko mara tatu, subiri sekunde 10 mzunguko utulie, kisha rekodi kwa fremu 60. Mahameli, mwanga wa nyuma na katoni vinabaki vilevile, na hatua ya tatu haibadiliki, ila kasi ipunguzwe mara 2 badala ya 4, na kuzungusha digrii 180 si lazima, kwa kuwa chembe zinazunguka pande zote.

Maji hayo usiyamwage sinki wala mtaroni. Yachuje kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, acha kitambaa kikauke, kung'uta glita kwenye karatasi. Inafaa kutumika tena, hata kwa njia ya chujio la chai.